Kuku wa Mayai Asifungiwe Kwenye Waya

Ukipita kwenye mabanda ya mifugo ya maonyesho ya Nane Nane siku hizi, iwe Nzuguni Dodoma au Njiro Arusha, hukosi kukuta kizimba cha chuma kimewekwa mahali pa kuonekana. Kinang'aa, kina ngazi tatu, mfereji wa chakula umepita mbele na mrija wa maji umepita juu. Muuzaji atakueleza kuwa hiki ni cha kuku 96 na kile ni cha kuku 128. Atakuonyesha jinsi yai linavyobingirika lenyewe hadi mkononi mwako na kinyesi kinavyodondoka chini, na atakuhakikishia kwamba kijana mmoja anatosha kuhudumia kuku ambao zamani wangetaka watu watatu. Hadanganyi. Wafugaji wanasikiliza, wanapiga picha, wanachukua namba ya simu. Kizimba chenyewe siku hiyo huwa kitupu, na mimi nataka kuandika juu ya anayekuja kuwekwa humo.

Vizimba hivi, au keji kama wauzaji wanavyoziita, vinauzwa kwetu kwa jina la ufugaji wa kisasa. Lakini vyenyewe ni vya zamani. Vilienea Ulaya na Marekani katikati ya karne iliyopita, vikapigiwa kelele, vikachunguzwa na wataalamu, na hatimaye vikapigwa marufuku katika nchi nyingi zilizovizoea. Mwaka 1964 Mwingereza Ruth Harrison alitoa kitabu kiitwacho Animal Machines, akieleza namna mifugo inavyofungiwa katika mashamba makubwa ya nchi yake. Wananchi walishtuka kiasi kwamba serikali ililazimika kuunda kamati chini ya Profesa Roger Brambell. Kamati ilipotoa ripoti yake mwaka 1965, ilisema kila mnyama wa kufugwa apate walau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake.

Soma tena orodha hiyo. Haimtaki mfugaji ajenge kasri. Inataka kiumbe aweze kugeuka na kujinyoosha, basi. Kuku wa kizimbani alikosa hata hayo, na ilichukua miongo mingine mingi kabla sheria haijamfikia.

Uswisi ilitangulia. Ilitunga sheria, ikawapa wafugaji miaka kumi ya kujipanga, na kufikia mwaka 1992 vizimba vilikuwa vimeondoka. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 1999, ukaweka tarehe 1 Januari 2012 kuwa mwisho wa vizimba vya kawaida. Kwa muda wote huo wafugaji walijua siku inakuja. Hata hivyo siku ilipofika, nchi 13 wanachama, zikiwemo Ufaransa, Italia, Hispania na Poland, zilikuwa bado zina kuku ndani ya vizimba vilivyokatazwa, na Tume ya Ulaya ikabidi iziandikie barua za onyo. Italia na Ugiriki zilifikishwa mahakamani, na mwaka 2014 zikakutwa na hatia ya kukiuka agizo. Nchi hizo hazikuchelewa kwa kutojua. Zilichelewa kwa sababu mamilioni ya fedha yalikuwa yameshachomelewa kwenye chuma, na kila mwenye chuma alikuwa na mkopo wa kulipa.

Ndiyo maana naandika sasa. Wafugaji wetu wengi wa kuku wa mayai bado wanafugia sakafuni, kwenye maranda. Hatujaingia kwenye mtego huo kwa ukubwa wake. Kutoingia ni rahisi kuliko kutoka, na Ulaya imetulipia ada ya somo hilo.

Chukua karatasi ya kawaida ya A4, ile ya mashine ya kurudufu. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 624. Kiwango cha chini cha Ulaya kwa kuku mmoja ndani ya kizimba cha kawaida, katika miaka ya mwisho kabla ya marufuku, kilikuwa sentimita za mraba 550. Kuku mwenye karibu kilo mbili anaishi zaidi ya mwaka mzima pasipotosha karatasi ya barua. Hawezi kukunjua mabawa. Akitaka kugeuka lazima awasukume wenzake, nao wakitaka kunywa maji lazima wapite juu yake. Na hicho kilikuwa kiwango cha sheria, chenye mkaguzi na faini. Huku kwetu idadi ya kuku kwa kila chumba cha kizimba huamuliwa na karatasi ya muuzaji, na mfugaji mwenye tamaa anaweza kuongeza mmoja juu ya hao.

Niliwahi kusimama mbele ya vizimba vya mfugaji mmoja mkoani Pwani, asubuhi, wakati ambao kuku wengi hutaga. Mama yule ni mtu mwema na mchapakazi. Banda lake lilikuwa safi, maji yanatiririka, chakula kipo. Kuku mmoja wa ngazi ya kati alikuwa hatulii. Alipenyeza kichwa chini ya kifua cha mwenzake, akarudi nyuma, akajibana kwenye kona, akainuka, akakanyaga mgongo wa mwingine, akaparura waya kwa ukucha kana kwamba kuna nyasi pale. Aliendelea hivyo muda mrefu. "Huyo anatafuta pa kutagia, mwanangu," mama akaniambia. "Wote hufanya hivyo. Akishataga hutulia." Hatimaye alichuchumaa palepale alipokuwa, kati ya miguu ya wenzake, yai likagonga waya na kubingirika kwenda mbele. Kesho yake angeanza upya.

Mama huyo alikuwa ameeleza kwa maneno machache jambo ambalo watafiti wamelipima kwa miaka. Kuku anayekaribia kutaga anahitaji mahali pa faragha. Watafiti walimwekea mlango mzito kati yake na kiota, wakawa wanaongeza uzito kidogo kidogo. Kadiri saa ya kutaga inavyokaribia, kuku huusukuma mlango ule kwa bidii isiyopungua ile ya kuku mwenye njaa anayekifuata chakula. Haja hiyo haikumtoka kwa sababu tumemzalisha awe wa kisasa. Anazaliwa nayo kama alivyozaliwa nayo kuku wa kienyeji anayejificha nyuma ya kuni jikoni, na anaisikia kila siku anapotaga. Kuku wa mayai aliyekolea hutaga zaidi ya mayai 300 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe ni asubuhi ngapi za kuhangaika namna ile.

Vumbi nalo ni vivyo hivyo. Kila aliyekulia kijijini amewaona kuku adhuhuri chini ya mwembe wakijilaza ubavu, wakijirushia udongo, wakijikung'uta. Ndivyo wanavyosafisha manyoya na kupunguza mafuta na wadudu. Kuku wa kwenye waya hujilaza na kufanya mwendo uleule wa kuoga, pasipo na punje ya vumbi. Mwili unakumbuka kazi ambayo sakafu haimruhusu kuifanya.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho, nalo ni mifupa. Kila ganda la yai lina gramu mbili hivi za kalisi. Sehemu kubwa ya ganda hutengenezwa usiku, wakati kuku hali chakula, kwa hiyo mwili huchota kalisi kutoka kwenye mifupa na kuirudisha mchana. Kuku wa porini, babu wa hawa wetu, hutaga mayai machache kwa mwaka, akaatamia, akapumzika. Tumemchagua kizazi baada ya kizazi hadi akawa hapumziki. Mfupa unaochotwa kila usiku huhitaji kazi ili ubaki imara: kutembea, kuruka, kupiga mabawa. Kizimba kinamnyima hiyo kazi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1989 uliwachunguza kuku wa vizimbani waliofikishwa machinjioni baada ya kumaliza kutaga, ukakuta asilimia 29 wamevunjika mfupa mmoja au zaidi wakiwa bado hai. Wengi huvunjika pale wanapotolewa. Mtu anamshika mguu, anavuta kupitia mlango mdogo wa waya, na mfupa unakatika.

Huku kwetu safari hiyo ya mwisho ni ngumu zaidi. Kuku waliochoka kutaga huuzwa kwa bei ya chini, hufungwa miguu kwa kamba, huning'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa bodaboda au kushindiliwa ndani ya matenga juu ya basi, kisha hufika sokoni wakiwa wanahema midomo wazi. Sote tumeliona na tumeacha kuliona.

Halafu kuna joto. Kuku hana tezi za jasho. Njia yake ya kupoa ni kuhema kwa kasi, kuinua mabawa yaachane na mwili, na kutafuta mahali penye ubaridi. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Morogoro mwezi wa pili, kuku aliyebanwa na wenzake hana pa kuinulia bawa wala pa kuhamia. Anabaki na kuhema tu. Kuhema kupita kiasi kunavuruga uwiano wa damu yake, na ganda la yai linakuwa jembamba. Mfugaji huona mayai yanavunjika kwenye trei akadhani chakula kina kasoro, akaongeza chokaa, kumbe kuku anapigania pumzi.

Sitaki kuwasingizia wanaonunua vizimba. Nawaelewa. Bei ya chakula cha kuku inakula sehemu kubwa ya mapato, na kuku asiyetembea hula kidogo kuliko anayezunguka. Kiwanja ni ghali, na kizimba chenye ngazi tatu huweka kuku wengi mahali padogo. Kinyesi kikidondoka chini, kuku hawakikanyagi wala hawakidonoi, kwa hiyo ugonjwa wa kuhara damu hupungua kweli. Mayai hutoka masafi. Kijana wa shamba haibi kwa urahisi kwa sababu kila yai linahesabika. Mtu anayelala akiwaza marejesho ya mkopo hawezi kuyapuuza mambo haya, wala sitamwambia ayapuuze.

Ninachomwomba ni kukamilisha hesabu. Kizimba ni mtaji mkubwa unaolipwa kabla hata kuku hajataga yai la kwanza. Kina mipaka ya matumizi: huwezi kukigeuza kikawa cha kuku wa nyama wala cha mbuzi soko likiyumba. Kinamtaka mwenye nacho awe na kuku wengi ili kirudishe gharama, na mwenye kuku wengi hushusha bei ya trei hadi yule mjane mwenye kuku mia mbili nyuma ya nyumba asiweze kushindana. Nchi zilizotutangulia ziliishia na mashamba machache makubwa na wafugaji wadogo wengi waliofunga mabanda. Biashara ya mayai kwetu imewasomesha watoto wa akina mama wengi sana ambao hawana hati ya kiwanja wala dhamana ya benki. Nikitetea kuku asikae kwenye waya, nawatetea na hao.

Wala sisemi kwamba kuku akiwa sakafuni basi ameshapata raha. Nimeingia kwenye mabanda ya chini ambayo macho yanawasha kabla hujapiga hatua ya tatu, kwa sababu maranda yamelowa na kinyesi cha wiki nyingi kimegeuka hewa ya amonia. Wewe unatoka baada ya dakika tano. Kuku hulala humo. Ulaya nako, walipohamia mabanda makubwa yenye ngazi za kurukia, waligundua kuwa kuku wengi huvunjika mfupa wa kidari wakitua vibaya. Kumtoa kizimbani ni mwanzo wa kazi. Anayefuga chini anapaswa kujifunza kujenga na kutunza, na hapa ndipo ningependa maofisa ugani wetu wapewe muda na mafuta ya pikipiki.

Mambo yenyewe si ya ajabu. Kwenye joto letu, mita moja ya mraba isibebe zaidi ya kuku watano au sita. Banda lielekee mashariki na magharibi ili jua lisipenye kwenye upande mrefu, na kuta za pembeni ziwe za wavu kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu. Kila kuku watano wawe na kiota kimoja, chenye giza kidogo na majani makavu. Fito za kulalia ziwe za mviringo, zisizo juu sana, ziwekwe mapema kuku wakiwa bado makinda ili wajifunze kuruka. Maranda yageuzwe mara kwa mara na yaliyolowa yatolewe siku hiyohiyo, hasa kuzunguka vyombo vya maji. Haya yanafanyika kwa mbao na misumari, na fundi wa mtaani anayaweza.

Jambo la midomo nalitaja peke yake kwa sababu limezoeleka mno. Kuku wakianza kudonoana hadi damu, mfugaji huambiwa akate midomo, na wengine hukata kwa kisu cha moto kuku akiwa ameshakua. Mdomo wa kuku una mishipa ya fahamu hadi karibu na ncha. Ndio mkono wake. Kwa huo anagusa, anachagua na anajipanga manyoya. Ukikatwa akiwa mkubwa, mishipa huota vinundu na maumivu huendelea baada ya kidonda kufunga. Kabla ya kushika kisu, mfugaji angetazama kilichowaudhi kuku wake: wamejazana, taa ni kali mno, chakula kimepungukiwa protini au chumvi, au hawana cha kufanya tangu asubuhi. Wako wafugaji wanaoning'iniza mafungu ya mchicha na majani mabichi kwenye kamba, kuku wanadonoa majani badala ya migongo ya wenzao. Fungu la mchicha si gharama ya kumshinda mtu.

Tunayo sheria. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Lakini sheria isiyoshuka hadi kwenye banda hukaa kabatini. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakiingizwa kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto kwa amri ya mamlaka, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Ubishani mkubwa uliofuata kati ya nchi mbili ulikuwa wa mipaka na biashara. Nilisubiri kusikia kiongozi akiuliza ni njia gani ya kuua vifaranga inayoendana na sheria tuliyojitungia wenyewe. Hofu ya mafua ya ndege ilikuwa na msingi, sibishi, ila ugonjwa unaweza kuzuiwa bila moto.

Na kabla ya sheria za Bunge tulikuwa na mafundisho ya nyumbani. Watoto wa madrasa wanakijua kisa cha mwanamke aliyestahili adhabu kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Wakristo nao wanafundishwa kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Babu zetu walichinja kuku kila sikukuu na walijua kumkata sawasawa, lakini alipokuwa hai alitembea. Kumla na kumtesa ni mambo mawili, na dini zetu zote zimeyatenganisha.

Mnunuzi pia ana nafasi yake, na hapa ninaona fursa ambayo wafugaji wetu hawajaelezwa. Makampuni kadhaa makubwa ya hoteli duniani, Marriott ikiwemo, yametangaza kwamba yanataka kununua mayai ya kuku wasiofungiwa vizimbani. Zanzibar na Arusha zimejaa hoteli zinazopokea wageni kutoka nchi ambazo vizimba hivi ni marufuku au vinaondolewa. Chama cha ushirika cha wafugaji wa sakafuni chenye usafi, chanjo na kumbukumbu zilizoandikwa kingeweza kubisha hodi kwenye hoteli hizo kikiwa na bidhaa wanayoitafuta. Mfugaji aliyezamisha fedha zake kwenye chuma hana tena la kusema mlangoni pale.

Ningependa basi wizara inayohusika na mifugo ichapishe vipimo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, viwekwe kila duka la vifaranga: sentimita ngapi kwa kuku, viota vingapi, maji umbali gani, na namna ya kumbeba kuku kwenda sokoni. Vizimba vitupu vya waya, visivyo na kiota wala fito, viwekewe tarehe ya kukoma kuingizwa nchini. Aliyekwisha kununua asiadhibiwe, kwa kuwa alinunua kwa nia njema kitu alichoambiwa ni cha kisasa. Apewe miaka ya kutosha kurudisha fedha yake, apunguze kuku kwa kila chumba tangu sasa, na asaidiwe kuhama.

Halmashauri zetu zinatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ukipitia maombi ya vikundi hivyo utakuta ufugaji wa kuku karibu kila kata. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu fedha ni ya umma na inatoka kwenye mapato ya halmashauri yenyewe. Mkopo wa banda la kuku wa mayai utolewe kwa mchoro wenye viota, fito na nafasi iliyopimwa, na ofisa mifugo wa kata alikague banda kabla vifaranga hawajaingia. Madiwani hawahitaji kusubiri Dodoma kwa hili. Wanaweza kulipitisha kwenye kikao chao kijacho.